Watu wa Nne-Sita-Nne

"Hiyo ni toroli," alisema MaMlotshwa. "Usiniambie ni kichwa cha treni, Baba Melusi. Magurudumu mawili mbele, sita katikati, mawili nyuma? Mimi nikikaa juu ya sinia mkanisukuma, nitafika mbali zaidi."

"Kaa basi," alijibu Gumpo kutoka upande wa pili wa ua. "Kazi ni kulipata hilo sinia."

Watu waliopanga ndoo bombani wakacheka. MaMlotshwa naye akacheka, maana kwake kicheko cha watu kilikuwa mali hata kikielekea kwa jirani. Alikuwa ameegemea waya wa ua tangu maji yafunguliwe asubuhi ile, kitambaa kimekazwa kichwani, mikono ina unga hadi viwikoni. Nyuma yake nyumba ilikuwa imejaa. Dada zake wawili walikuwa wamekuja kutoka Dete, wifi yake alikuwa amefika na godoro lake, na wanawake wa chama cha mazishi walikuwa sebuleni wakichambua mchele kwa vidole na kuuchambua ugomvi kwa masikio.

"Mume wangu," aliendelea, akipaza sauti ili hata mkia wa foleni usikose, "Jumamosi ijayo anawapeleka wale Wazungu wa picha. Kwa nne-sita-nne. Manne mbele, sita katikati, manne nyuma, halafu tena vivyo hivyo upande wa pili. Hicho ndicho kichwa. Wewe siku hiyo utakuwa yadini unapanga mabehewa ya mbolea kama mtoto anayepanga makopo."

Gumpo aliinamisha kopo lake. Alikuwa akimwagilia vitunguu vyake kwa maji yaliyooshea vyombo, maana mwaka ule wa ukame mtu aliyemwagilia kwa maji safi angepigwa mawe. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye masikio makubwa, na alikuwa na tabia moja iliyomuudhi sana MaMlotshwa: alijibu akiwa tayari.

"Ngoja nikufundishe," alisema, "maana naona mumeo anakuletea mshahara tu, maarifa anayaacha kazini. Zamani vichwa vilikuwa vya mwili mmoja. Magurudumu makubwa tu, basi. Vikifika kwenye kona vinaruka nje kama chura. Wakaweka mawili madogo mbele, yanuse njia. Tanuri likakua, likawa zito, wakaweka mawili madogo nyuma, yalibebe. Umepata mbili-sita-mbili. Mtu mmoja akasema, hebu tuchukue mbili kama hizo, zipeane mgongo, boila tulilaze katikati. Na vya namna hiyo vilipoletwa nchi hii mara ya kwanza kabisa, babu yangu akivunja kokoto ya reli, vilikuwa vya magurudumu gani? Vyako? Mbili-sita-mbili, mama. Hiyo ndiyo iliyozaa. Wengine wote ni watoto walionenepa."

"Mzazi akizeeka hukaa jikoni."

"Na hiyo nne-sita-nne yenu, unajua ilikotoka? Ilichorwa kwa ajili ya Wasudani. Wakaikopi, wakawaletea nyinyi. Mnatamba na nguo iliyopimwa kiuno cha mtu mwingine. Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Foleni ikasema "Eee," kwa pamoja, kama kanisani.

"Yangu haisitiri matako," alisema MaMlotshwa. "Yako inaishia kitovuni."

Hapo hata mzee Phiri, fundi viatu mwenye asili ya Malawi ambaye hucheka mara moja kwa msimu, alilazimika kuweka ndoo chini. MaMlotshwa akaona ameshinda, na alikuwa mtu wa kujua wakati wa kuondoka. Akajipangusa unga, akarudi ndani kupokelewa na wenzake kama bondia.

Sizinda ulikuwa mtaa uliojengwa na reli kwa ajili ya watu wa reli, na humo hakuna mwanamke aliyeulizwa kanisa lake wala ukoo wake kabla hajaulizwa mumewe anaendesha nini. Nne-sita-nne walikuwa watu wa treni ya abiria na barua, watu wa kwenda Mafikeng, ng'ambo ya mpaka, na kurudi na sabuni za kunukia. Wake zao walikaa mbele kwenye misiba. Mbili-sita-mbili walikuwa watu wa yadi, na wa lile tawi la reli la kusini ambako walipeleka mbolea na kurudi na ng'ombe. Wake zao nao walikaa walipopata. MaMlotshwa hakuona kosa lolote hapo. Mungu aliumba tembo na akaumba sungura, wala hatujasikia sungura akiomba apewe mkonga.

Dharau yake ilikuwa na nafasi kwa kila mtu. Msimamizi wa banda la vichwa alimwita Bwana Kesho. Vichwa vipya vya dizeli, vilivyokuwa vikiingia mjini na kuvisukuma vile vya mvuke kwenye nyasi vikaote kutu, aliviita mafriji. Na wale Wazungu wa picha aliwaona wendawazimu waliopewa pasipoti: watu waliokwisha kuvitupa vitu hivi kwao, kisha wanapanda ndege kuja kulala kifudifudi kwenye miiba ya watu wengine wapige picha moshi. Lakini Jumamosi ile aliwahitaji. Walikuwa wamekodi treni nzima, na walitaka mvuke.

Maana Siziba, mumewe, alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Kwa mwaka mzima walikuwa wamemkalisha kwenye friji, akiendesha kwa kubonyeza vitufe kama karani. Na Sizinda walikuwa na desturi yao. Kila dereva alikuwa na filimbi yake, yaani namna yake ya kuivuta, na mkewe aliijua kama anavyojua kikohozi chake. Ikisikika kutoka mbali, anateleka maji ya ugali. Safari ya mwisho dereva huivuta filimbi kwa urefu wa mtaa wote, na wanawake hutoka uani kumpigia vigelegele mpaka behewa la mwisho lipite. Huyo amestaafu. Asiyefanyiwa hivyo huenda kulichukua bati lake la chakula bandani, akalifunga nyuma ya baiskeli, akarudi kwa njia ya uchochoroni kama mtu aliyefumaniwa. Na friji halina filimbi. Lina honi, kama lori la nyama.

Kwa hiyo treni ya Wazungu ilikuwa ndiyo nafasi iliyobaki. Msimamizi alikuwa amesema dereva atakuwa Siziba, mkongwe kuliko wote. MaMlotshwa aliposikia hivyo alitengeneza pombe, akaita dada zake, na kutangaza.

Siziba alirudi jioni. Aliegemeza baiskeli ukutani, akawasalimia wanawake mmoja mmoja kwa heshima kama kawaida yake, akaenda moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye kigoda bila kuvua kofia. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, wa maneno machache. Maneno ya nyumba ile yalikuwa na mwenyewe.

"Wanakwenda kusini," alisema.

"Nani?"

"Wageni. Wamebadilisha. Wanataka tawi la kusini, eti kuna vilima na madaraja mazuri ya kupigia picha."

"Si uwapeleke huko kusini kwao."

"Reli ya kule nyepesi, mama. Daraja la pili halibebi nne-sita-nne. Nikiipitisha pale, tutaendelea na safari kwa kuogelea. Ni mbili-sita-mbili tu."

MaMlotshwa alitazama mlango, akausukuma kwa kisigino ukafungika. Sebuleni vidole vilivyokuwa vikichambua mchele vilikuwa vimenyamaza.

"Basi endesha hiyo toroli," alinong'ona. "Siku moja. Kidole hakiozi kwa kugusa matope mara moja."

"Siijui njia."

MaMlotshwa aliegemea mlango. Hata mke wa dereva anajua kwamba mtu hapewi treni kwenye njia asiyoijua. Huanza kwa kukaa pembeni ya anayeijua, anaenda naye na kurudi, mpaka ajue kila mteremko na kila kona hata akiwa amefumba macho. Ndipo anaweka sahihi kwamba ameijua, na akiangusha treni ni juu yake. Watu wa nne-sita-nne hawakuwa wameweka sahihi ya tawi la kusini, hata mmoja wao. Walijivunia. Kutoijua ile njia kulikuwa cheo, kama kutojua kubeba kuni kichwani. Na msimamizi alipopita nyumba kwa nyumba miaka ya nyuma akitafuta wa kujifunza, ni MaMlotshwa aliyemjibu mlangoni kabla mumewe hajaweka kikombe chini: "Mume wangu hachungi mbuzi." Neno lilipendwa sana. Wiki haikuisha, wake wote wa nne-sita-nne walikuwa wakilitumia.

"Nani anaijua?" aliuliza, ingawa alijua.

"Waliobaki? Gumpo."

"Hakuna mwingine?"

"Mmoja amekufa na mmoja ameokoka, Jumamosi hafanyi kazi."

MaMlotshwa akaanza kuwatukana Wazungu, polepole na kwa ufundi, akianzia kofia zao. Akahamia kwa Bwana Kesho na mama aliyemzaa. Siziba alimwacha mpaka pumzi ilipopungua.

"Ipo namna," alisema. "Naweza kupanda kama mtu anayejifunza njia. Anayeijua akitaka, humwachia mwenzake mpini wa kuendeshea. Inaruhusiwa. Ila yeye ndiye amwombe msimamizi."

"Basi mwambie amwombe."

"Mimi? Baada ya maneno ya bombani?"

"Nani kakuambia ya bombani?"

"Phiri. Alikuja mpaka getini bandani kunihadithia. Alifika kwenye kitovu akashindwa kumalizia." Siziba alivua kofia yake, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaiweka gotini. "Haidhuru. Nitalifuata bati langu."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayesema atapitia dukani, na hicho ndicho kilichomnyima MaMlotshwa usingizi. Angelalamika, angemjibu. Usiku kucha alimsikiliza akikoroma katikati ya nyumba iliyojaa wageni, akawaza jinsi atakavyowaeleza wanawake wale wote, na pombe ile yote, kwamba wamekuja kutazama baiskeli.

Kesho yake, baada ya kanisa, aliwaambia dada zake anakwenda kuazima chumvi. Nyumbani kulikuwa na chumvi ya kuzika ng'ombe. Hawakusema kitu, ila walisogea dirishani.

Phiri alikuwa barazani kwake na kiatu mapajani. "MaMlotshwa kwa Gumpo," alisema. "Leo jua limekosea mlango."

"Shona kiatu, Phiri. Uzi ukibaki, shona na mdomo."

Gumpo alikuwa amekaa juu ya kreti nje ya nyumba, akipaka buti zake mafuta meusi. Mkewe, MaHadebe, mwanamke mrefu asiyependa maneno, alikuwa akisonga ugali kwenye moto wa kuni kando ya ukuta. Hakuna aliyemwambia MaMlotshwa asogee, naye hakusogea. Alisimama palepale getini, mkono juu ya komeo.

"Baba Melusi."

"MaMlotshwa. Umekuja kununua toroli?"

"Nimekuja na neno."

"Nilidhani uliyamaliza jana."

"Jumamosi tawi la kusini ni lako."

"Ni langu."

"Na jana ulikuwa unajua."

"Nimejua tangu Alhamisi."

"Ukaniacha niseme yote yale mbele ya bomba zima."

"Ulikuwa unasema vizuri," alisema Gumpo, akikitazama kisigino cha buti. "Nikaona nisimkatize mtu akiwa katikati ya kujichimbia."

MaMlotshwa akavuta pumzi. Alikuwa na jibu, zuri, lenye masikio makubwa ya Gumpo ndani yake. Akalishikilia.

"Nataka Siziba aende na wewe. Kama anayejifunza njia."

"Kujifunza? Mtu anastaafu mwisho wa mwezi. Anajifunza njia akaifanyie nini, akaizike?"

"Unajua ni kwa nini."

"Najua. Nataka nisikie ukisema."

Kwenye dirisha la nyumba yake pazia lilitikisika. MaMlotshwa alikuwa amewahi kusema mbele ya watu mia tatu kwenye msiba, bila kipaza sauti, na waliokaa nyuma wakalia. Sasa sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba ruhusa ya choo.

"Nataka apite hapa Sizinda akivuta filimbi."

"Akiwa juu ya nini?"

"Juu ya hicho chako."

"Changu kina magurudumu mangapi?"

"Baba Melusi, hesabu unaijua."

"Mimi naijua. Nauliza kama wewe unaijua, maana jana uliikosea."

"Mawili," alisema MaMlotshwa. "Sita. Mawili. Halafu tena hivyohivyo kwa upande wa pili. Unataka niimbe?"

MaHadebe, aliyekuwa amewapa mgongo, mabega yalimcheza kidogo. Gumpo yeye hakucheka. Aliweka buti moja chini, akachukua la pili.

"Sikia," alisema. "Kwenda, nitaendesha mimi. Mumeo haijui ile njia, na mimi sitaki Wazungu wapige picha maiti yangu. Atakaa kiti cha mwanafunzi, na nikimwambia tazama kona, anatazama. Sitaki mtu wa kunihadithia habari za Mafikeng. Kurudi, tukishapita daraja la pili, nitampa mpini. Mpaka stesheni. Na filimbi avute yeye."

"Atakaa."

"Msimamizi nitamwona kesho."

"Haya."

"Sijamaliza. Mimi nimepita na treni kando ya ua huu miaka yangu yote. Nimevuta filimbi mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuna mlango uliofunguliwa ila huu wangu." Alisugua buti kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. "Jumamosi mtapiga vigelegele vya watu wawili. Sio vya mumeo halafu mkanyamaza. Nitakuwa nahesabu."

Lile jibu lenye masikio lilimpanda tena MaMlotshwa kooni, na sasa lilikuwa limenoga zaidi. Mtu mzima anaomba vigelegele kama mtoto anaomba pipi. Angelisema, Sizinda wangelirudia mpaka wajukuu. Alimtazama Gumpo na fulana yake iliyotoboka kwapani, akamdharau kwa moyo wake wote, akalimeza. Lilishuka kwa shida, kama mfupa wa samaki.

"Tutapiga," alisema. "Nyumba imejaa. Sauti zipo."

"Na wewe uwe mbele."

"Niliwahi kuwa nyuma lini?"

"Siziba atajua kwamba ulikuja hapa?"

"Atajua kwamba ulimwonea huruma."

"Simwonei huruma. Siwapendi watu wa nne-sita-nne, hata mmoja."

"Mwambie hivyohivyo," alisema MaMlotshwa. "Atakuja kwa furaha zaidi."

Hapo Gumpo alitaka kucheka akajizuia, akainama kwenye buti. MaMlotshwa akageuza komeo aondoke. Alikuwa amepata alichokijia na kwa hesabu zake alikuwa amekilipia kupita bei. Kilichobaki ni kurudi kwa dada zake na kuitunga safari hii upya, ionekane Gumpo ndiye aliyemwita.

"MaMlotshwa," aliita MaHadebe.

Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. Alikuwa ameepua sufuria, ugali umegeuzwa kwenye sahani kubwa ya bati. Ulikuwa wa njano, wa yale mahindi ya msaada yaliyoletwa kwa sababu ya ukame, ambayo MaMlotshwa alikuwa amewaambia wanawake wa chama kwamba ni chakula cha kuku wa nchi za watu. Pembeni palikuwa na mboga za majani na kipande cha nyama kimoja kilichokatwa vitatu. Tangu wawe majirani MaHadebe alikuwa akimkaribisha, na mara zote MaMlotshwa alikuwa akijibu kutoka nje ya geti, bila kusimama, kwamba ameshiba.

MaHadebe alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani, bila haraka.

"Umesimama hapo kama mkaguzi wa tiketi," alisema. "Ingia ule. Na leo usiniambie umeshiba."